Kufuru Ni Nini Hasa? Neno Lililovunja Semina Yetu

Tulikuwa watano katika kikundi, tumepewa Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ile riwaya ya mwaka 1974, tuiwasilishe mbele ya darasa baada ya majuma mawili. Siku ya tatu ya kukutana, mwenzetu mmoja, rafiki yangu tangu kidato cha tano, aliifunga nakala yake, akaisukuma katikati ya meza na kusema: "Mimi hii sisomi tena. Hii ni kufuru." Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Siku ya kuwasilisha tulisimama wanne, na mwalimu alipouliza wa tano yuko wapi, yeye mwenyewe akainuka kwenye viti vya nyuma na kurudia neno lake lile lile mbele ya darasa zima.

Mwalimu hakumkemea wala kumbembeleza. Aliuliza tu: "Kufuru maana yake nini?" Kimya. Kisha dada mmoja akajibu kwamba kufuru ni kumtukana Mungu. "Vema," mwalimu akasema, "basi nionyesheni ukurasa." Tulipekua mpaka muda ukaisha. Pa kuhoji tulipapata, pa kukata tamaa tulipapata pengi, lakini kila mmoja aliposema "hapa," mwingine alimjibu kwamba hilo si tusi, hilo ni swali. Semina ikavunjika hivyo hivyo, watu wamenuna, na mimi na rafiki yangu tukakaa karibu mwezi mzima tukipeana salamu za mbali.

Makala haya yametokana na swali lile. Nimekuwa nikilifuatilia neno hili kama mtu anayefuata nyayo za kuku aliyeibiwa, na nyayo zimenipeleka nisikotarajia. Nitangulize kusema kwamba mimi si mwanachuoni wa dini yoyote. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, na kazi yangu ni maneno.

Nianze nyumbani, maana huko ndiko nilikolisikia kwanza. Bibi yangu wa Pangani alikuwa akilitumia neno hili karibu kila siku, na nikikumbuka vizuri, mara chache sana alilitumia kwa habari ya Mungu moja kwa moja. Nikirudi shule na kukuta muhogo kwa mara ya nne mfululizo, nikakunja uso, nikasema "kila siku muhogo, kila siku muhogo," Bibi alikuwa akinijibu bila hata kuinua macho: "Usikufuru, mwanangu. Wako wenzio hata huo hawauoni." Mvua ikizidi na mtu akalalamika, "usikufuru." Mama akisema mtoto huyu anamchosha, "usikufuru, wako wanaolia usiku na mchana wapate wa kuwachosha." Nani alimtukana nani hapo? Muhogo hautukanwi, ati. Kosa langu lilikuwa jingine: nilipewa kitu, nikakiona si kitu.

Sasa fungua kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, ile ya mwaka 1981, inatuelekeza kwenye kumkana au kumdharau Mungu kwa neno au tendo. Bibi wa muhogo hayumo. Simlaumu mtunga kamusi, nafasi yake ni finyu. Ninachosema ni kwamba mtu akilitafuta neno hili kamusini tu atatoka na nusu yake, na nionavyo mimi, nusu iliyoachwa nje ndiyo kongwe zaidi.

Kufuru imetoka katika Kiarabu, kufr, na Waswahili walilipatia irabu kama walivyofanya kwa maneno mengi ya umbo hilo. Kiswahili hakipendi konsonanti kurundikana mwishoni mwa neno, basi kufr ikawa kufuru, kama vile shukr ilivyokuwa shukuru. (Mgeni anayejifunza lugha yetu akiliona neno "kufuru" huliondolea ile "ku-" ya mwanzo akidhani ni ya kitenzi, akaenda kulitafuta kwenye F. Huko atakuta furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria.) Nimetaja shukuru kwa makusudi. Maneno haya mawili ni pacha wa kinyume katika Kiarabu chenyewe. Katika Kurani, sura ya Ibrahimu, aya ya 7, anayeshukuru na anayekufuru wamewekwa ubavu kwa ubavu: mmoja ameahidiwa kuzidishiwa, mwingine ameonywa. Yaani kinyume cha kufuru hapo ni shukrani. Kumbe Bibi, ambaye Kiarabu chake kiliishia kwenye sala, alikuwa ameshika maana ambayo mimi na kamusi yangu tulikuwa tumeipoteza.

Shina lenyewe, k-f-r, maana yake ya asili ni kufunika. Wataalamu wa kamusi za Kiarabu wanasema usiku uliitwa kafiri kwa kuwa unafunika vitu kwa giza lake. Mkulima naye aliitwa kafiri kwa kuwa anaifunika mbegu udongoni. Hili si jambo la kubuni: katika sura ya al-Hadid, aya ya 20, kuna neno kuffar, wingi wa kafiri, mahali panapozungumzia mvua na mimea inayopendeza, na wafasiri wengi hulieleza hapo kuwa ni wakulima. Kutoka kufunika mbegu mpaka kufunika wema uliotendewa si safari ndefu. Mtu asiyeshukuru ameuficha wema, ameufukia. Na asiyemkubali aliyempa uhai amefunika jambo kubwa kuliko yote. Hivyo ndivyo neno la shambani lilivyofika kwenye imani.

Shina hilo hilo limezaa neno jingine tunalolijua sana, kafara. Katika sheria ya Kiislamu kafara ni malipo ya kufidia kosa. Aliyevunja kiapo, kwa mfano, hulisha masikini kumi au huwavika, na asiyeweza hufunga siku tatu. Hapa kinachofunikwa ni dhambi. Waebrania wana neno la ukoo huo huo, ndilo lililomo katika Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Sisi tumelichukua kafara na kulipanua: mbuzi wa kuondoa mkosi ni kafara, na waziri anayejiuzulu ili wakubwa wapone naye, kwa lugha ya magazeti, ametolewa kafara. Kosa na dawa ya kosa vimetoka katika kitendo kimoja cha kufunika. Sitaki kulikuza hili kupita kiasi, kwa sababu wanafunzi tunapenda sana etimolojia na kuzifanya zithibitishe kila kitu. Lakini lipo.

Kafiri, kwa upande wake, lilipata maisha mabaya. Katika pwani ya karne ya 19 halikuwa neno la imani tu, lilikuwa neno lenye bei. Kisheria Mwislamu huru hakuruhusiwa kufanywa mtumwa, kwa hiyo mtu wa bara akiitwa kafiri alikuwa tayari ameshawekwa upande wa wanaoweza kukamatwa. Wareno walilipata neno hili kwa wafanyabiashara Waislamu wa pwani hii, wakalifanya cafre, wakawaita hivyo Waafrika weusi kwa jumla. Likapita kwa Wadachi na Waingereza huko kusini. Mwaka 1847 Waingereza waliliita eneo moja la Rasi ya Mashariki kwa jina lililotokana nalo, British Kaffraria. Waliokuwa wakiitwa hivyo wengi walikuwa Wakristo wa kubatizwa, wakiitwa kwa neno la Waarabu na Wazungu Wakristo! Maana ya imani ilikuwa imeshakufa, imebaki rangi ya ngozi. Mwaka 2018 mahakama ya Randburg, Afrika Kusini, ilimhukumu mwanamke mmoja kifungo cha miaka mitatu, mmoja ukiahirishwa, kwa kuwatukana askari polisi kwa neno hilo. Neno lililokuwa likimtuhumu mtu kwa kukosa heshima sasa ndilo linalompeleka msemaji jela kwa kukosa heshima.

Nirudi kwetu, mjini. Kuna kufuru ya tatu, ambayo wala si ya Bibi wala si ya kamusi. Mtu amefunga harusi, msururu wa magari, kumbi mbili, bendi mbili, keki inayopandiwa ngazi. Watu wanatoka wakisema: "Jamaa amefanya kufuru!" Na mara nyingi wanasema kwa kusifu, macho yakiwaka. Magazeti ya michezo na burudani nayo yamelizoea: mwanamuziki anafanya kufuru kwa kununua jumba, mchezaji anafanya kufuru kwa mabao. Wapo wanaosema huku ni kuliharibu neno. Mimi naona vingine. Msemaji wa mtaani amehisi kwamba kutumia kupita kipimo ni kukifunika kile ulichopewa kwa jina lako mwenyewe, ni kula neema kana kwamba haikutoka popote. Anasifu, ndiyo, lakini neno alilolichagua linanong'ona lawama. Angeweza kusema "amefanya makubwa" akaishia hapo. Kwa nini kachagua kufuru?

Na hapa ndipo fasihi yetu ya zamani inaponivuta shati. Utajiri wa namna hiyo, utajiri wa kufuru, ndio mada ya utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtu wa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19. Wote tumeusoma, au tumejifanya kuusoma. Mshairi anauonyesha moyo wake majumba ya Pate, taa zake, vyombo vya kaure vilivyopangwa kutani, mabwana wake waliotembea kwa maringo, kisha anauonyesha majumba hayo hayo yakiwa magofu, wanamokaa popo na ndege. Mji ule wa mabwana ulikuwa umejifunika kwa neema mpaka ukausahau mwisho wake.

Jina la utenzi lina maana gani? Inkishafi ni kufunuka, kufunuliwa, kutoka shina k-sh-f, ambalo maana yake ni kuondoa kifuniko. William Hichens alipoutoa London mwaka 1939 aliupa jina la Kiingereza linalozungumzia kuamka kwa roho. Ni jina zuri, ila lile pazia limepotea. Kwa maana ya mashina, Al-Inkishafi ni jibu kwa kufuru: kimoja kinafunika, kingine kinafunua. Sina haja ya kudai kwamba mshairi alilikusudia hilo. Alikuwa mwanachuoni, Kiarabu alikijua kuliko mimi, na maneno hayo alikuwa nayo mkononi.

Lakini ngoja kwanza, jamani, maana hapa ndipo nilipokaa kitako. Shina hilo la kufunua, k-sh-f, ndilo lililotupa neno kashfa. Na kitenzi chake, kukashifu. Neno lenye ukoo mmoja na utenzi wetu mtukufu ndilo linalotumika mtaani na kituo cha polisi kwa kosa la kuidharau dini ya mtu: "kukashifu dini". Mwenye kufunika amekosa, mwenye kufunua naye amekosa! Kashfa ni kumvua mwenzako nguo hadharani, iwe ulichofunua ni kweli au la. Ndiyo maana neno hilo linafaa pia kwa mambo ya fedha za umma: kashfa ya Goldenberg kule Kenya, kashfa ya Richmond iliyomfanya waziri mkuu wa Tanzania ajiuzulu Februari 2008, ya Escrow mwaka 2014. Katika hizo, aliyefunua tunampigia makofi. Akifunua upande wa dini, tunamwita mkorofi.

Watu wa Dar es Salaam wanaojua miaka ya 1980 na 1990 hawahitaji kuelezwa mihadhara ilikuwa nini. Wahadhiri wa Kiislamu walisimama viwanjani na Biblia mkononi wakiijadili mbele ya umati, na wahubiri wa Kikristo wakajibu mapigo kwa namna yao. Kila upande uliita kazi yake kufunua ukweli, na kila upande uliita kazi ya mwenzake kashfa. Februari 1998, katika vurugu za Mwembechai zilizotanguliwa na malalamiko kwamba msikitini hapo Ukristo unakashifiwa, polisi walipiga risasi na watu wakafa. Oktoba 2012, kule Mbagala, ubishi wa watoto juu ya msahafu uliishia kwa makanisa kushambuliwa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba naandika juu ya neno tu.

Tazama ugumu wenyewe ulivyo. Kwa Mwislamu, kusema Yesu si Mungu ni tauhidi, ni msingi wa imani, na kusema kinyume chake ndiko kufuru. Kwa Mkristo, kusema Yesu si Mungu ndiko kunakomchoma. Sentensi moja, vinywa viwili, na neno kufuru linageuka upande kama upepo wa kusi na kaskazi. Anayezidi kunishangaza ni Yesu wa Injili mwenyewe. Katika Mathayo sura ya 9 waandishi wanamshutumu kwa kosa hili alipomwambia mwenye kupooza kwamba dhambi zake zimesamehewa, na katika sura ya 26 kuhani mkuu anararua mavazi yake kwa sababu hiyo hiyo. Wakristo wanasoma habari za mtu aliyehukumiwa kwa kufuru, na wanazisoma kwa neno hilo hilo, maana Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inatumia kitenzi cha kukufuru mahali hapo.

Katika Kigiriki neno lililopo hapo ni blasphemia. Nusu yake ya pili inahusu kunena, na neno zima ni maneno yanayoumiza jina la mtu. Wagiriki waliweza kumfanyia hata binadamu mwenzao. Ni kosa la mdomo tangu kuzaliwa kwake. Kufr halikuzaliwa mdomoni, lilizaliwa moyoni na mkononi, kwa mtu aliyepokea akaficha. Sisemi kwamba Waislamu hawana kosa la ulimi, la hasha, wanafikihi wana mjadala mrefu juu ya matamshi yanayomtoa mtu katika dini. Nasema asili ya neno iko kwingine. Wafasiri wa misheni walilikuta kufuru pwani, tayari lina uzito na linatia hofu, wakalitwika mzigo wa Kigiriki. Walifanya vizuri, kwani wangeenda wapi? Karl Roehl, aliyetoa Biblia yake mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake, lakini Biblia ya Muungano iliyokuja baadaye ndiyo iliyoenea, na kwa njia hiyo mtoto wa Kikristo wa Songea au Bukoba akalijifunza neno la Kiarabu likiwa na maana ya Kigiriki. Rafiki yangu amelelewa katika Biblia hiyo. Alipoisukuma Kichwamaji mezani, aliyekuwa akisema ndani yake alikuwa kuhani mkuu wa Mathayo. Mimi masikio yangu yalikuwa ya Pangani, yakimsikia Bibi. Tulidhani tunabishana juu ya Kezilahabi.

Kuna mahali pamoja katika Biblia ambapo maana zote mbili zimelala kitanda kimoja, nako ni Ayubu sura ya 2. Ayubu amepoteza mali, watoto, na ngozi yake imejaa majipu. Mkewe anamshauri amkufuru Mungu, afe, yaishe. Ndivyo Kiswahili kinavyosema. Lakini katika Kiebrania kitenzi kilichoandikwa hapo ni kubariki! Wataalamu wanaeleza kwamba ni tafsida: neno la kulaani na jina la Mungu havikustahili kuandikwa pamoja, basi likawekwa la kubariki, na msomaji akaachiwa aelewe mwenyewe. Yaani neno la kufuru lenyewe limefunikwa. Na kinachodaiwa na mke wa Ayubu si tusi tu. Jibu la Ayubu linahusu kupokea: tulipokea mema, tutakataaje kupokea mabaya? Bibi yangu angemwelewa bila mkalimani. Haishangazi kwamba Ayubu ana utenzi wake katika Kiswahili, na kwamba huko anapendwa kwa subira yake.

Sheria nayo imechukua njia yake. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, sura ya 16, ina vifungu juu ya makosa dhidi ya dini, cha 125 hadi 129. Kufuru kama kosa dhidi ya Mungu haimo. Kinachotazamwa katika kifungu cha 129 ni nia ya kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Vifungu hivi ni vya enzi ya mkoloni na vinafuata nyayo za Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyotungwa kwa nchi yenye dini nyingi zinazotazamana kwa jicho la pembeni. Uingereza yenyewe ilikuwa na kosa lake la kufuru lililoulinda Ukristo tu, likafutwa mwaka 2008. Hivyo mahakamani kwetu swali haliwi "Mungu amevunjiwa heshima?" bali "jirani ameumizwa makusudi?" Hiyo ni kashfa, si kufuru, na naona watunga sheria, hata kama hawakuwafikiria Waswahili, walichagua lile lililo ndani ya uwezo wa hakimu.

Mhakiki je, uwezo wake ni upi? Mwaka 1989, dunia ilipochafuka kwa riwaya ya Salman Rushdie, Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alijaribu kuwaeleza wasomi wa Marekani kwa nini Waislamu wameumia kiasi kile, na mfano aliouchagua ulikuwa uhaini. Hakuanza na tusi, alianza na mtu aliyelelewa nyumbani akawageukia wa nyumbani. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane, na wengi hawakukubaliana, lakini sikio lake lilikuwa la pwani: kosa limo katika kile kilichopokewa.

Basi nikairudia Kichwamaji kwa sikio hilo. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu, wa kwanza kupewa kile ambacho kijiji chake kizima hakikukipata. Dada yake Rukia anaharibiwa na Manase, rafiki yake wa utotoni aliyekuwa mkubwa serikalini, na anakufa. Anaoa, na mtoto wake anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, hana uhai. Mwishowe Kazimoto anajiua. Kumhoji Mungu kumo, naam, na Kezilahabi, aliyesoma seminari, alijua anachokihoji. Lakini maswali hayo si kitu cha kumshtua mtu aliyewahi kumsoma Ayubu. Kinachotisha ni kwamba Kazimoto anapewa elimu na haoni kitu, anapewa mke na haoni kitu, anapewa kurudi nyumbani na nyumbani anapaona kama mgeni anavyoona kituo cha basi. Kila anachopewa kinafukiwa pale pale. Tusi moja kwa Mbingu lingekuwa nafuu, maana anayetukana bado anaongea na mtu. Kazimoto amefika mahali ambapo hakuna wa kumshukuru, kwa hiyo hakuna wa kumtukana pia.

Kwa hiyo rafiki yangu alipatia neno, akakosea maana. Kichwamaji ni riwaya juu ya kufuru, ile ya Bibi. Kama ni riwaya ya kufuru, hilo ni jambo jingine, na hapo mimi nipo upande wa Kezilahabi: yeye ameifunua hali hiyo, hakuifunika, na kama kuna kosa lolote la kumtia hatiani basi ni kashfa, tena aliyekashifiwa ni sisi tuliosoma. Tulipaswa kukasirika kwa sababu hiyo.

Nilimpelekea rafiki yangu rasimu ya makala haya kabla ya kuileta kwa wahariri. Nilikwenda chumbani kwake jioni, nikaikuta ile salamu ya mbali mlangoni, nikaingia hivyo hivyo. Akaisoma mpaka mwisho, amelala chali, karatasi juu ya uso. Hakunipa hongera. Alisema sehemu ya Kigiriki nimeipeleka mbio, na kwamba Wakristo nao wana kushukuru kwingi katika Biblia yao, nisimnyang'anye Bibi yangu peke yake. Ni kweli, nakiri. Kisha akauliza: "Wewe una hakika hakuna hata mahali pamoja Kazimoto anaposhukuru? Hata kwa chakula? Hata kwa mama yake?" Nikamwambia sikumbuki. "Hukumbuki," akasema, "halafu unaandika." Akanyoosha mkono aombe nakala yangu, maana ya kwake aliirudisha maktaba siku ile ile ya ugomvi. Ni majuma mawili sasa. Nikimuuliza ananiambia amefika kwenye msiba wa Rukia na anasoma polepole, penseli mkononi, na nisimharakishe.